Mkeka wa Majani ya Plastiki

Karatu, Jumapili, Agosti 1986

Basi, ule mkeka nimeurudisha. Lakini nani mwingine amewahi kupeleka bomani kwetu majani yasiyokauka kiangazi? Ni mimi tu! Hoteli ninayofagia walikuwa wanautupa, nikasema mtoto wa dada yangu Naserian aache kutambaa vumbini.

Kwanza niliupima, mimi si mjinga. Niliulowesha, nikausugua kwa kitambaa cheupe: rangi haikutoka. Nikauanika juani, nikauwekea shavu: haukuunguza. Nikajisifu mpaka Naserian akacheka, "Daktari wa majani!"

Mama hakucheka. "Humu ndani watoto wa mbuzi wanalala na mtoto. Na kwa hao umeupima?"

Akamfungulia mmoja. Lo! Aliuvamia, akang'oa nyuzi, akaanza kutafuna. Nilimtia kidole mdomoni nikauchomoa uzi.

"Mtoto utamwambia tema," mama akasema. "Mbuzi utamwambiaje? Hiyo ikimkaa tumboni haitoki. Atavimba, afe."

Nikaanza kuokota nyuzi zilizong'oka. Halafu uzi mwingine tukaukuta kwenye ngumi ya mtoto, bado haujafika mdomoni.

Tuliukunja mkeka palepale. Leo naulalia mwenyewe, huku chumbani kwangu hotelini. Mimi angalau sili majani.