Fimbo Juu ya Kizimba cha Karani

Baba,

Shikamoo. Ile ya mwisho hukuiitikia, basi hii iitikie hukohuko uliko.

Nakuandikia habari za Karani, kasuku wako mdogo uliyemleta kutoka Hirbadaw ndani ya mfuko wa koti. Juzi usiku nusura afe, na kosa ni langu. Siku ya kumaliza matanga baba mdogo alinikabidhi fimbo yako mbele ya watu, akasema, "Sasa wewe ndiye mwenye boma." Nikavimba kichwa. Wewe uliiweka nyuma ya mlango, mimi nikaitundika ukutani sebuleni, juu ya kizimba cha Karani, ili kila mgeni aione.

Upepo wa Endagikot unaujua. Ulitikisa bati, fimbo ikadondoka juu ya kizimba, paa! Ndege akapagawa gizani, anajibamiza kwenye nyaya, anapiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Nilipowasha tochi ya simu nikaona damu kwenye kalenda ya kanisa, damu kwenye vitambaa vya makochi. Unyoya mchanga wa bawa, ule ambao bado una damu ndani, ulikuwa umevunjika na unachuruzika. Kiumbe chenyewe hakijai kiganja, kina damu kiasi gani ya kumwaga?

Nilimkamata kwa taulo. Akaning'ata kidole hadi nikaona nyota. Aisee, Baba, nilikasirika! Nikahisi vidole vyangu vinaibana shingo yake, na mama akapiga ukelele, "Mwachie apumue! Na wewe unataka kuwa kama baba yako?" Nikalegeza. Mama akanimulikia, nikaubana ule unyoya kwa koleo pale unapoanzia, nikaung'oa kwa mkupuo mmoja. Alilia vibaya sana. Mama akapaka unga wa ngano, nikabonyeza kidonda mpaka damu ikakata.

Asubuhi alikuwa hai, anadonoa mtama. Nikaokota fimbo niirudishe ukutani. Kuiona tu mkononi mwangu, akaanza tena kujirusha na kujigonga. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwepo sebuleni siku ile mbuzi walipoingia kwenye maharage ya jirani, uliponivunja mkono wa kushoto, na mama alipokuja kuniamulia ukamgeukia yeye. Karani alilia kwa sauti hiyohiyo. Mimi na mama tulishajiambia tumesahau.

Na jioni ileile ulimmenyea karanga, ukimwita mwanangu. Nilimwonea wivu ndege, Baba. Mpaka leo inaniuma.

Nilisimama na fimbo, sijui niipeleke wapi. Mama akatoka nje, akarudi na shoka. Sikumwomba. Akaliweka miguuni pangu, akaenda kuchambua maharage. Nikaikata fimbo vipande vinne, nikavisukumiza kwenye mafiga. Baba mdogo amesikia, anasema nimekuvunjia heshima na hatakanyaga tena hapa kwetu. Sawa.

Maharage yaliiva vizuri. Mama alikula sahani mbili.

Basi lala, Baba. Nakulilia, usidhani silii. Karani nitamwachia taa ndogo kila usiku. Na huu mkono uliouvunja uliunga ukapinda kidogo, lakini nakuahidi hautampiga mtu katika boma hili.

Mwanao.