Mtoto wa Konsolata na dhambi ambayo hakuitenda

Jumatatu, 8 Desemba. Mtwara.

Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi mawingu yamejikusanya upande wa bahari, yanatutisha tu, hayanyeshi, na mimi nimerudi kutoka misa ya jioni gauni limenigandia mgongoni. Hata sijabadilisha nguo. Nimekaa mezani na khanga begani, naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu.

Nimefurahi. Acha niseme hivyo kwanza, halafu nieleze.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba shule zikifungwa mimi sifungi. Parokia imenikabidhi mafundisho ya wazazi wanaotaka kubatiza watoto, na kazi hiyo naipenda, pengine kwa sababu ndilo darasa langu pekee ambalo wanafunzi wananyonyesha. Majuma mawili yaliyopita mada ilikuwa dhambi ya asili. Nimeifundisha mara nyingi mpaka imenizoea mdomoni, na somo likishakuzoea hivyo unaweza kumuumiza mtu bila habari. Nilisema kila mtoto wa Adamu huzaliwa na doa, na maji ya ubatizo huliondoa, nikageukia ubao niandike.

Nyuma yangu kiti kikaburuzwa. Konsolata alikuwa amesimama, mtoto wake mchanga amembana kifuani. Konsolata ni Mmakonde wa Newala, mume wake Joakimu anafanya kazi bandarini, na wanaishi Naliendele, si mbali na kwangu. Ni mtu wa salamu na tabasamu, basi. Siku hiyo alisema mbele ya watu wote:

"Mwalimu, huyu hajamkosea mtu. Doa gani? Mie simleti tena."

Akatoka.

Nilidhani ni hasira za joto. Joakimu ndiye aliyenifungua macho jioni yake, alipopita kwangu kuomba radhi ambayo hakuna aliyemdai. Kabla ya mtoto huyu walikuwa na mwingine. Walishampangia ubatizo, wakawa wanasubiri gauni jeupe limalizike kwa fundi. Homa ikawahi kumchukua. Msibani shangazi yake Joakimu, mama mmoja wa kijijini Kitaya, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: malaika wenu kaondoka bila maji, kaondoka na dhambi yake.

Konsolata amelibeba neno hilo tangu siku ile. Halafu nimekuja mimi, mwalimu mzima, nikamrudishia darasani.

Niliona aibu. Na zaidi ya aibu niliogopa, kwa sababu nilielewa kwamba mama huyu hakukataa ubatizo. Alikuwa anamlinda aliyekufa. Akikubali kwamba binti huyu anahitaji maji, basi atakuwa amekubali kwamba yule wa kwanza amepotea.

Alhamisi nikaenda kwake. Nilimkuta uani anamenya mihogo, akanikaribisha kwa heshima zote na uso umefungwa. Nikaomba kisu nikamenya naye. Kwa muda tuliongelea bei ya sukari.

Kisha nikamwambia nilikosea kusema doa nikaishia hapo, kana kwamba mtoto mchanga kafanya jambo. Hakufanya. Dhambi ya asili si tendo la mtoto, na hakuna anayemlaumu. Ni hali tunayozaliwa ndani yake sote. Mungu alitaka tuzaliwe tukiwa na neema yake ndani yetu, wazazi wetu wa kwanza wakaipoteza, na mtu hawezi kuwarithisha wanawe kitu alichokwisha kukipoteza. Ubatizo hauji kumsuta mtoto. Unakuja kumpa alichokosa. Na utakatifu unaanzia hapo, kabla mtoto hajajua kutenda jema hata moja, kwa sababu mwanzo wake ni zawadi.

Alisikiliza. Akatupa muhogo kwenye beseni, akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa seminari ndogo wangelionea wivu.

"Na Mama Maria? Sikukuu yake inakuja, mnasema alikingiwa dhambi ya asili. Kama hakuwa na dhambi tangu mwanzo, mwokozi wa nini?"

Sasa hapa lazima nijicheke. Mimi ni mtoto wa Mbinga, nimelelewa kwenye kahawa. Tulipopata shamba la mikorosho huku, mwaka wa kwanza nilisubiri niuone ugonjwa ndipo nipulize salfa, dawa ya mikorosho. Kwangu mimi dawa ni ya mgonjwa. Majirani walipuliza maua yakiwa mazima, nami nikawaona wanachezea fedha. Ubwiriunga ulipoingia, ule unga mweupe unaokausha maua, wao walivuna. Mimi nilikimbizana na pampu kuokoa kilichobaki. Konsolata anaikumbuka habari hiyo, alinicheka wakati ule.

Nikamuuliza, kati ya mkorosho wake na wangu, upi uliokolewa na salfa?

"Yote."

Na ule wa kwake, ulijikinga wenyewe?

"Mkorosho utajikingaje, Mwalimu?"

Basi, nikamwambia, ndivyo Kanisa linavyosema kuhusu Maria. Tangu nukta ya kwanza tumboni mwa mama yake, Mungu alimkinga, na alimkinga kwa mastahili ya Mwanawe, ambaye Maria angemzaa. Sisi tunaponywa tukiwa tumeshaugua. Yeye aliokolewa kwa kuzuiwa asiugue, na mwokozi ni yuleyule mmoja. Hakuna aliyeokolewa kikamilifu kuliko yeye.

Konsolata akaitikia kwa kichwa taratibu, akatabasamu kidogo. Nami, Mungu anisamehe, nikajiona nimeweza.

Ndipo akauliza, bila kuniangalia:

"Na ule ambao haukupulizwa kabisa?"

Kisu chake kilikuwa kimesimama.

Mfano wangu wa mikorosho ulikuwa umefika mwisho, na ningeuvuta zaidi ningemuumiza mara ya pili. Nikauacha.

Nikamwambia, Konsolata, Mungu si mkulima wa kuishiwa dawa. Sisi ametuamuru tubatize, na hatuijui njia nyingine ya uhakika, ndiyo maana tunahimizana tusichelewe. Lakini yeye mwenyewe hakujifunga mikono. Kanisa linamkabidhi mwanao kwenye huruma yake na linatumaini kwamba ipo njia ya wokovu kwake. Shangazi alisema neno ambalo Kanisa halisemi. Gauni la fundi halikumzuia Mungu.

Nilimwambia pia nisichokijua, kwamba sikuona kwa macho na sitamdanganya. Kutumaini ndiko tulikoruhusiwa, nami natumaini kwa nguvu zangu zote.

Halafu nikamuuliza jina la huyo mwanawe wa kwanza. Alinitazama kana kwamba nimegonga mlango ambao hakuna aliyewahi kuugonga.

"Fidelis," akasema. "Anaitwa Fidelis."

Akalia. Nami nikalia, mihogo mbele yetu, hadi kuku wakaanza kuila. Niliondoka bila kumuuliza kama atamleta mtoto, na kwa mtu mwenye haraka kama mimi, huo ulikuwa muujiza mdogo.

Leo, sikukuu yenyewe na siku ya ubatizo wa watoto wa darasa langu, kanisa lilikuwa limejaa. Nyimbo za Mama Maria, vitenge vya bluu na vyeupe, feni zinazunguka bila msaada wowote. Nilikuwa nageukageuka mlangoni mpaka mama wa nyuma yangu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Wimbo wa kuingia ulikuwa unakaribia kwisha walipotokea: Joakimu na shati lililonyooshwa, shangazi wa Kitaya nyuma yake, na Konsolata katikati, kichwa juu, mtoto mkononi.

Binti amebatizwa Ana. Maji yalipomgusa alipiga kelele za kuziba masikio, vigelegele vikamfunika, na nadhani changu ndicho kilichokuwa cha mwisho kunyamaza. Sijuti.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuja kwenye maombi ya waamini. Konsolata alikuwa amemwomba paroko ruhusa ya kusoma ombi moja mwenyewe. Yeye, mtu wa salamu na tabasamu, akapanda mbele, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kwa ajili ya mwanangu wa kwanza, Fidelis, aliye mikononi mwako. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie."

Kanisa zima. Sauti ya shangazi ilikuwa miongoni mwao. Alikuwa benchi la mbele yangu, nilimsikia, na nilimwona anafuta macho kwa ncha ya khanga. Konsolata alishuka ngazi za altare kama mtu aliyetoka kushinda kesi ya ardhi, na kusema kweli ameshinda. Watoto wake wawili wametajwa mbele ya Mungu kwa majina, siku moja.

Kesho ni sikukuu ya Uhuru, nitalala hadi nichoke. Januari darasa jipya linaanza, na nimeshaamua litaanzaje. Kabla sijafundisha neno lolote, nitawaomba wazazi wanitajie watoto wao wote, waliopo na waliotangulia, nami nitakaa kimya niwasikilize.