Mimi na Wifi Tulimpa Kitambi Dawa Mara Mbili

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na tafadhali usicheke mpaka umalize kusoma, maana habari yenyewe ni ya minyoo ya farasi, lakini kinachoninyima raha ni cha binadamu.

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaendesha banda la farasi wanaopandwa na watoto wa wateja mwisho wa wiki, mume wangu ni dereva wa lori na nyumbani huja kama mgeni, kwa hiyo banda ni letu sisi wawili, na farasi wetu jike alipozaa tulifurahi sote, mimi zaidi, kwa sababu sijajaliwa mtoto na yule nilimpokea kwa mikono yangu. Akakua na tumbo la mviringo, wateja wakamwita Kitambi, nasi tukacheka nao tukidhani ni shibe, kumbe mbavu zinahesabika, manyoya hayana nuru na kikohozi hakimwishi. Siku moja wifi akaniambia mbele ya watu, "Wifi, punguza kumdekeza, hukumzaa wewe." Shangazi, lilinichoma mpaka ndani. Tangu hapo tukanuniana, akitaka ufunguo wa stoo anamwambia farasi, nami namjibu farasi.

Daktari wa mifugo alipopita akasema lile si shibe, ni minyoo, akatutajia dawa ya kununua, akaondoka akidhani ameongea na watu wenye akili timamu. Mimi nikanunua kimya kimya, na asubuhi nikamkumbatia Kitambi shingoni peke yangu nikamsukumia dawa mdomoni kwa bomba lake, kama la sindano, nikaenda sokoni, na huku nyuma wifi, ambaye naye alikuwa amenunua yake, akampa. Jioni mtoto akaanguka, akawa anagaagaa na kulipiga teke tumbo lake mwenyewe, daktari akaja mbio na ndala miguuni, akamchoma sindano ya maumivu, akampitishia mafuta kwa mpira puani, na alipouliza nani amempa dawa, wifi akasema, "Ni mimi, daktari." Mimi nikafungua kinywa, halafu nikakifunga.

Minyoo ikatoka, Shangazi, myeupe, minene, mirefu kama kalamu, mafungu kwa mafungu, na mpaka leo tambi sizitaki. Halafu Kitambi akasimama, akajikung'uta, akamfuata mama yake akanyonya, na mimi nikaegemea ukuta nikalia kwa furaha bila kujali nani ananiona. Sasa anakimbia, manyoya yanang'aa, tumbo limekwenda zake na jina tu ndilo limebaki.

Ila wifi hajapona. Anaamini alizidisha kipimo. Juzi alinifuata jikoni akasema, "Wifi, nusura nikuulie mtoto wako. Nisamehe." Mtoto wako, ndivyo alivyosema. Nami nikajibu "yameisha", basi, nikaendelea kuosha vyombo. Siku ya kumpa dawa ya pili inakaribia, na yeye ameapa hataligusa tena lile bomba. Nikisema ukweli sasa ataniona mnyama, nikinyamaza naona aibu kumtazama usoni. Nifanyeje?

Mimi, Ulimi Mzito

*

Marahaba, Ulimi Mzito. Kitambi mzima? Mungu mkubwa! Nimeisoma barua yako nimeshika kifua, na nilipofika pale anaponyonya nikapumua kwa sauti, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama naumwa.

Sasa nikugombeze. Kununa nakuelewa, neno lile lilikuwa baya na mtu mzima hakupaswa kulisema. Lakini mtoto anagaagaa chini, daktari anauliza nani amempa dawa, nawe unafunga kinywa? Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo kingekuwa cha asiye na kosa. Ulimnyima daktari kitu alichokihitaji kuliko mfuko wake wote wa dawa. Hilo ndilo kosa lako, na ulijue kwa jina lake.

Nimemuuliza daktari mwingine wa mifugo kwa niaba yako. Anasema mtoto wa farasi mwenye minyoo mingi namna hiyo anaweza kupata msokoto wa tumbo hata kwa kipimo sahihi, maana minyoo ikifa yote kwa pamoja huziba utumbo. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba ni bomba lako au la wifi yako lililomwangusha. Lakini anasema pia zipo dawa zinazosamehe ukizidisha na zipo zisizosamehe kabisa, hasa kwa mtoto anayenyonya. Mmebahatika. Msiipime bahati hiyo tena.

Kwa hiyo leo, kabla hujapika, mfuate wifi yako. Usizunguke mbuyu. Mwambie, "Wifi, nami nilimpa siku ileile, na nilikusikia ukimjibu daktari nikanyamaza." Atafoka. Mwache afoke, ana haki yake. Mtu aliyekuja jikoni kwako kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake peke yake hatakuona mnyama. Atakuona wifi, na hilo lina adhabu yake ya kutosha. Neno lake lililokuchoma nalo mwambie limekuuma. Usimwachie farasi kazi ya utarishi.

Kisha mpigieni daktari pamoja, simu ikiwa wazi mezani, mwambieni habari ya mabomba yote mawili. Asiamuru dawa ya pili kabla hajapima kinyesi cha Kitambi na uzito wake kwa utepe wa kumzungushia kifuani. Uzito wa kukisia kwa macho tuachieni sisi tunaonunua nguo za sikukuu. Samadi iondoeni kila siku, na majani mwekeeni kwenye hori, si chini, maana mayai ya minyoo hukaa hukohuko chini yakimsubiri.

Na mtoto wa farasi hapewi dawa na mtu mmoja aliyenuna. Ni kazi ya watu wawili wanaosemezana: mmoja anatuliza kichwa, mwingine analenga kona ya mdomo. Siku ikifika, wewe shika kichwa. Bomba mpe wifi yako.