Baba Ameombwa Apishe

Castelvero, Machi 1996

Mpendwa kaka Oriano,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Torino, na kile kifua chako kimepona. Sisi hatujambo, ila baba siku hizi hasemezeki, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unajua alivyoungoja uchaguzi huu. Tangu chama kikubwa cha wakomunisti kivunjike akabaki na wale wekundu wachache, ndoto yake ni moja tu, jina lake lionekane kwenye karatasi ya kura. Safari hii wakamteua. Mabango yake, amevaa ile tai ya harusi, yakabandikwa mpaka ukuta wa kiwanda cha jibini.

Mara likaja neno kutoka Roma. Wakubwa wao wamepatana na muungano wa Mzeituni, wale wa mrengo wa kati na kushoto: majimbo mengine wekundu wajitoe, mengine Mzeituni wajitoe, tusigawane kura tukawapa mrengo wa kulia ushindi wa bure. Hapa kwetu, wa kujitoa ni baba. Alifoka kwamba nusu ya hao Mzeituni ni watu wa padri, wale wale waliomnyima babu kengele za kanisa siku ya maziko kwa kuwa mkomunisti, na fomu za kugombea atazipeleka liwalo na liwe. Katibu wao, Loris, alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Akaambulia kuitwa kibaraka.

Moyo wangu ulikuwa juu juu, kaka, maana baba akigombea tunaanguka sote. Jumapili, tukila tambi za cappelletti katika mchuzi, akaapa kwamba hampishi mtu asiyemjua. Kama huyo mgombea wao ana haya, aje amwombe mwenyewe, ana kwa ana.

Nikaweka kijiko chini, nikamwomba. Ndiyo, Oriano, mgombea wa Mzeituni ni mimi. Nilikuwa namwogopa, na Loris naye alinitunzia siri.

Baba alimaliza mchuzi wake, akachukua kofia, akatoka.

Leo asubuhi nimemkuta uwanjani juu ya ngazi, na ndoo ya gundi. Ameyatoa mabango yangu stoo nilikoyaficha, anabandika sura yangu juu ya yake. Hakunisalimu. Alisema tu kwamba yeye alitoka vizuri zaidi pichani, na kwamba niishike hiyo ngazi sawasawa. Nimeishika huku nalia.

Njoo upige kura, nauli ya treni hupunguzwa kwa wanaorudi kupiga kura. Wasalimie wote hapo kwako, na ujifunike vizuri, baridi haijaisha.

Dada yako akupendaye,
Nives