Sista Ketrina Aliyemngoja Bibi Harusi

Mama Rozi, mwaka umezunguka tangu Alhamisi ile ya tarehe 6 Machi 2025. Ulitoka nyumbani asubuhi kwa miguu yako mwenyewe, tumbo mbele, ukaenda kujifungua kwenye kituo kile kile ulichokuwa unafanyia kazi. Mtoto alilia vizuri. Wewe ukaanza kutoka damu, na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika.

Ulikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Mama akiogopa, ulimkanda mgongo huku unamsimulia vituko vya mbuzi wa kwenu Msangano, mpaka anacheka na uchungu umemshika. Ukirudi nyumbani ulivua viatu mlangoni, ukanywa chai ya rangi, halafu ukaanza kutuletea maneno ya wodini.

Maneno yenu nyie manesi! Mliyatunga ili wagonjwa wasiogope na ndugu zao wasielewe. Dripu, kwa kuwa ni maji ya chumvi, mliita chumvi ya Ivuna. Mgonjwa anayekuja na ukoo mzima na mablanketi, huyo mheshimiwa. Mama ambaye mtoto hataki kushuka, lori lake limekwama kwenye foleni, kama malori ya hapa kwetu mpakani. Aliyekwisha kushindikana, mlisema ameshagongewa muhuri, bado kuvuka tu. Na gari la wagonjwa mlilibatiza bibi harusi, kwa sababu linaoshwa kila siku, linafunikwa turubai, na halitoki mpaka wakubwa wakae kikao.

Nilikuwa nacheka mpaka chai inanipalia. "Baba Rozi, usiyatoe nje, haya ni ya wodini," uliniambia. Sikuyatoa. Lakini niliyajua yote.

Heri nisingeyajua.

Siku ile nilisimama mlangoni pa wodi. Nesta, uliyempokea kazini na kumlea kama mdogo wako, akamwambia mwenzake, wala hakushusha sauti, maana mimi ni fundi pancha tu, nitaelewa nini: "Chumvi ya Ivuna imeisha. Bibi harusi hayupo. Da Ketrina ameshagongewa muhuri."

Nilielewa yote. Na wewe pale kitandani ulisikia. Ukafumbua macho, ukatabasamu kwa taabu. "Nesta, mdogo wangu, maneno hayo si nilikufundisha mimi?"

Nesta akajifunika uso. Ndipo ukauliza, sauti imebaki kidogo sana: "Nani amemtoa bibi harusi?"

Swali hilo nikaondoka nalo.

Nilikimbia kwa mkubwa wa kituo. Akasema gari limetoka kikazi. Kazi gani? Eti limepeleka viti na maturubai ya sherehe ya viongozi. Nikamwambia mke wangu anatakiwa hospitali ya Vwawa sasa hivi, naye ni nesi wenu huyu, si mgeni. "Vuta subira, mzee, tunawasiliana," akanijibu, simu iko mezani hata hajaigusa. Nikatoka barabarani kutafuta gari. Malori yalikuwa yamefunga njia huku na huku. Dereva wa gari la Noah aliyenihurumia alipofika kituoni, wewe ulikuwa umeshavuka.

Wao wanawasiliana mpaka leo.

Siku ya maziko bibi harusi alikuja. Ameoshwa, anang'aa, amebeba wakubwa na mashada yao. Walisimama kaburini wakasema wamepoteza mtumishi hodari. Mimi nilikuwa natazama magurudumu. Tangu hapo nimeuliza kila mlango. Huyu anasema kamuulize yule, yule yuko safarini, wa tatu ananiambia nimwachie Mungu. Mungu simdai. Hakuwa na ufunguo wa gari.

Nyumbani bado hujatoka. Mama yako anafua gauni lako jeupe kila Jumamosi na kulianika. Upepo ukilijaza, mimi naingia ndani. Juzi uji ulichelewa, Rozi akasema, "Baba, uji umekwama kwenye foleni." Sauti yako kabisa, hata kile kicheko cha mwishoni. Niligeuka kutazama mlango. King'ora kikipita barabarani, Gwalugano, huyo uliyemzaa siku ile, anaacha kucheza, naye anautazama mlango huo huo, na hakuna aliyemfundisha.

Leo anatimiza mwaka. Tumempikia wali na kuku, tukakuwashia wewe mshumaa, meza moja. Mama yako alianza kuimba kumpongeza mtoto, akamalizia kwa kulia. Hatukujua tumfuate kwenye wimbo au kwenye kilio.

Unakumbukwa na mimi mumeo Osea, mama yako mzazi Yunisi, wanao Rozi na Gwalugano, kaka yako Fanueli wa Msangano, na manesi wenzako wa wodi ya wazazi. Nesta ameomba jina lake liandikwe pia, nami nimeliandika. Maadamu tunapumua, hutasahaulika katika nyumba hii.

Na neno lako la mwisho, mama Rozi, sijalitua. Nalibeba kwa wakubwa wale wale, vile vile ulivyoliacha: nani amemtoa bibi harusi?