Barua Pepe za Wageni

Baba Hilda,

Wali na maharage vimo kwenye hotipoti. Mgeni wa chumba cha nyuma anataka maji ya moto. Mimi nimekwenda shuleni kumwona mwalimu.

Asubuhi umemfokea Hilda kwamba intaneti imemfelisha hesabu, akaondoka analia, hata chai hakunywa. Ni kweli imemfelisha. Lakini nani humtuma kila jioni intaneti kafe akajibu barua pepe za wageni wa gesti yetu? Alinyamaza kwa heshima tu, mume wangu.

~~Kuanzia leo zijibu mwenyewe.~~ Jumamosi nendeni wote, akufundishe kuzijibu. Vidole vyako vizito, najua, lakini vitazoea.

Akirudi, umwambie wewe mwenyewe kwamba kosa si lake. Nikimwambia mimi, hataamini.

Mama Hilda