Tapeti Kava Kabla ya Ijumaa

Jumapili, 6 Oktoba
Harufu ya oili iliyoungua tena! Nimefungua boneti ya gari baada ya ibada — tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inavuja, oili inadondokea ekzosi. Moshi mpaka kwenye migomba. Fundi Aliko yuko msibani Tukuyu. Lugano, mume wangu, yuko Karonga kwa biashara. Nimempigia, anacheka tu, eti kubadili gasketi, ule mpira wa kuziba tu, hata wewe unaweza. Ijumaa mama mkwe anatolewa mtoto wa jicho, na madaktari wa macho wanakuja Kyela siku hiyo moja tu. Pikipiki ilishamwangusha, hapandi tena. Basi ni mimi na spana.

Jumatatu, 7 Oktoba
Gasketi nimepata mjini, na silikoni. Muuza duka kauliza fundi ni nani. Mimi! Kacheka. Nami nikacheka, ila moyo unadunda.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimefungua bolti zote, nimeziweka kwenye ungo. Kava imegoma — nimeigonga na mpini wa jembe, ikaachia. Nimepachika gasketi mpya, nimefunga, nimewasha… Inavuja kuliko mwanzo! Nimelia kidogo. Halafu nikanawa, nikapika.

Jumatano, 9 Oktoba
Leo nimefungua tena, nimejua. Gasketi ya zamani ilikauka ikabaki kwenye mfereji wa kava kama ganda. Mpya nimeiweka juu yake! Na baba mkwe aliona yote jana, kutoka barazani kwake. Dereva wa malori miaka yote ile, angekosaje kuona? Lakini kwenye ukoo huu mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani wala hawasemeshani. Hata jina lake siliandiki hapa. Maneno hupitia kwa Mama, na jana Mama alikuwa kwenye maombi kwa jirani yetu Prisca. Basi mzee akakaa na neno lake kooni, nami nikafunga takataka.

Nilikasirika, kweli. Mpaka jioni nikamsikia nyuma ya ukuta wa jiko akimwambia jogoo, kwa sauti ya kunifikia: wewe, kwangua kwanza mabaki yote, halafu usianze kukaza bolti za pembeni, anza za katikati, kidogo kidogo. Jogoo! Nimecheka mpaka spana imeanguka. Mungu amenipa wakwe, jamani.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimekwangua mfereji kwa ukucha, nikaufuta na kitambaa chenye petroli. Silikoni tone tu kwenye kona. Nimekaza kuanzia katikati, nikaacha ikauke.

Sasa naandika nikiwa nyuma ya usukani. Injini inaunguruma, naisubiri ipate moto. Lazima mtu asimame kule mbele aangalie kama oili inatoka. Mama yuko kiti cha pembeni, ameshakumbatia mkoba wa hospitali, lakini macho yale hayaoni hata usukani. Amemwita mumewe kwa sauti. Mimi nimejifunika kanga.

Ndara zinakuja. Amesimama upande wa pili wa boneti. Simwoni, nasikia tu anavyohema. Tangu niolewe hatujawahi kuwa karibu hivi. Ametoka barazani kwa ajili ya macho ya mkewe, na kwa ajili ya kazi yangu pia. Nimeshukuru mwenyewe, bila kumpitishia Mama: "Ndaga, baba."

Mama amenishika mkono.

Kisha sauti ya mzee, nzito, kutoka kule mbele: "Usizime kwanza, mwanangu."